Yah: Ombi la d Mbili Kufuta Mstari Kila Mahali

Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni karani wa masijala, dirisha la pili, mnayeniita Mzee wa Kioo Cheusi kwa sababu ya programu yangu ya kuandikia, ambayo skrini yake ni nyeusi tupu. Nimeitumia miaka kumi na tisa. Humo ukibonyeza d mara mbili, mstari mzima unafutika. Vidole vyangu vimeshazoea, na haviniombi ushauri.

Naomba programu hiyo iwekwe ndani ya programu nyingine zote kabla ya Ijumaa, siku nitakayosimama mbele ya Kamati ya Nidhamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Barua pepe. Mimi huandika hasira kwanza, naifuta, ndipo naandika adabu. Mkurugenzi alipotaka maoni kuhusu kikao chake kilichochukua saa nne, alipokea hivi: "Kikao kilikuwa porojo tupu. dd Kikao kilitufungua macho." Jamani! d mbili nilizibonyeza. Mstari ukikataa kufutika, kosa ni la nani?

2. Fomu ya likizo. Penye sababu palisomeka: "Nimewachoka. dd Kumuuguza shangazi." Afisa utumishi alijibu kwamba kuchoka watu hakumo kwenye kanuni.

3. Ujumbe wa familia, ambao huuandika kwenye kompyuta hiihii. Mama mkwe alikuwa njiani kuja kwetu. Nikamwandikia: "Safari hii tena mwezi mzima? dd Karibu sana Mama." Aligeuzia stendi. Tangu siku hiyo mke wangu hunisemesha kwa kunisukumia sahani.

4. Mkiwa hapohapo, muiweke pia kwenye lifti, mashine ya mahudhurio na kinasa sauti cha Kamati. Hasa kinasa sauti.

Ndugu yangu, naogopa. Faili za ofisi hii nazijua moja moja, na kazi nyingine siiwezi. Nisifukuzwe kwa herufi mbili.

Wasalimie wote kitengoni, hata yule fundi aliyenicheka mpaka akakaa chini.

Wako mtiifu,
Karani, dirisha la pili

Nakala: Mkurugenzi, Kamati ya Nidhamu

N.B. Barua hii nimeiandika kwenye barua pepe, kwa shida kubwa. Ukweli ni kwamba ule mstari wa porojo niliuona haujafutika, nikautuma hivyohivyo, na usingizi wa siku ile ulikuwa mtamu ajabu. dd Naitakia Kamati kikao chema.