Raba Nyepesi za Kushukia Menengai

Leo nimeaibika, tena mbele ya babake Wanjiru, msichana ninayetaka kuoa. (Mimi ndiye ninayetaka. Mzee bado huniita "mgeni".)

Mamake Wanjiru alipenda kuomba kwenye mwamba mmoja ndani ya Menengai, lile shimo kubwa la volkano. Alifariki mwaka jana. Leo familia imeenda kumkumbuka pale, nami nikaalikwa kwa mara ya kwanza. Njia yenyewe si mchezo. Unashuka ukingoni, kisha unaparamia mawe kwa mikono na miguu.

Kwa hivyo jana nilienda mitumba kutafuta viatu.

"Boss, chukua hii buti, ni ya jeshi," muuzaji akaniambia.

Nikakataa. Buti ni nzito, mguu hausikii jiwe. Nilitaka raba nyepesi, soli yenye meno, pua ngumu. Nikazipata! Nikamwomba mathe mmoja muuza viazi azipime kwa mizani yake.

"Hata kabichi ni nzito kuliko hizi," akasema. Nikalipa nikitabasamu.

Lakini mtumba hauvaliwi bila kuoshwa. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikazifua jioni, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, nikaziegemeza kwenye jiko la makaa zikauke. (Mlioelewa mmeanza kucheka. Ngojeni.)

Asubuhi zilikuwa kavu, zinanukia sabuni. Nilishuka kama mbuzi. Kwenye mawe nilimpita kila mtu, nikamsikia Wanjiru akimwambia babake, "Si unaona?"

Tukafika mwambani. Mzee akavua kofia, akaanza kuomba. Alipotaja jina la mkewe, mimi machozi yakanitoka. Nikasogeza mguu kidogo.

Pwap! Soli nzima ikabaki kwenye jiwe. Jiko lilikuwa limelainisha gundi! Nikaegemea mguu wa pili. Pwap! Hiyo nayo ikachomoka, ikaporomoka ikigonga jiwe baada ya jiwe. Sote tuliisikiliza mpaka ikafika chini.

Nilitamani kuifuata.

Mzee hakufumbua macho. "Baba Mungu," akaendelea, "mke wangu angecheka sana leo. Mlinde huyu mkwe wetu. Na umpe viatu."

"Amina," wakajibu wote, Wanjiru kwa sauti kuliko wengine.

Nimerudi nyumbani miguu imefungwa vipande vya leso ya Wanjiru. Haya, chekeni. Mimi katika sala ile nimeshika neno moja tu, na si viatu.