Melkizedeki wa Issuna na Vita vya Kibuyu cha Dorkas

Tegeni masikio, enyi wa Issuna na ninyi wa Sepuka, wenye ng'ombe na msio na hata kuku, msikie lililojiri Jumanne tarehe nne Machi, mwaka elfu mbili ishirini na tano, siku maziwa yalipoasi. Melkizedeki mgane, Simba wa Zizi la Ng'ombe Watatu, alikiinamisha kibuyu alichoachiwa na marehemu mkewe Dorkas, kibuyu kisichoonja sabuni tangu harusi, kinachofukizwa kwa kaa la moto tu, na tazama, maziwa yakashuka kwa uzi mrefu kama mlenda.

Bwana mifugo akahukumu bila kushuka kwenye pikipiki ya serikali.

"Shikamoo mzee. Hicho choma."

"Marahaba. Josho mmeliacha likauke miaka sita, leo mna haraka na kibuyu?"

"Nitarudi baada ya mwezi, nisikikute."

Simba akampelekea binti yake Scola, fundi wa maabara mjini, chupa ya maziwa yale. Scola akarejea mwezi ulipotimia, siku yenyewe ya hukumu, simuni mwake orodha ya jeni za bakteria waliomo. Ilibaki kuzilinganisha na kanzidata, lile ghala ambamo wataalamu wameandika jeni ipi huleta tabia ipi. Ila mtandao, ulioahidiwa chaguzi mbili zilizopita, haukufika uani.

Ndipo shujaa akapindua kinu, akapanda juu yake, akainua simu kama mkuki, pikipiki ya bwana mifugo ikiunguruma getini.

"Ewe mnara uliojengwa kwa maneno ya wakubwa, shusha walau kijiti kimoja cha mtandao!"

"Baba, usiitikise," Scola akasema.

Ukurasa ukafunguka. Scola akasoma kwa sauti: jeni hii huleta uchachu, hii hutengeneza ute, za sumu alizozitafuta, hakuna.

"Kwa hiyo ute si ugonjwa?" akauliza bwana mifugo.

"Ni tabia yao," akajibu Simba kutoka kinuni, "kama yako ya kutoshuka kwenye pikipiki."

Bwana mifugo akashuka. Akanywa kikombe kizima, akafuta uzi kidevuni, akaomba kingine. Hivyo kibuyu kikaokoka moto, na tangu siku ile Issuna inahesabu miaka yake upya.

Simba akagusa mstari wa mwisho wa orodha. "Na hii?"

"Kazi yake haijulikani, baba. Hakuna aliyeiandika bado."

Akanusa kibuyu.

"Si ndiyo inayoyapa maziwa harufu ya mikono ya mama yako?"