Mgongano Ambao Sikuuona

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo Dkt. Kibiwott ametupa mradi wa Dainamiki. Ndilo somo la vitu vinavyokwenda, na mwaka jana lilikwenda likaniacha. Sasa nalirudia. Nikianguka tena nafukuzwa uhandisi, narudi Ekero kukata miwa ya baba. Na baba ameshaanza kuniita Injinia mbele ya watu kanisani. Ole wangu.

Mradi wenyewe: wawili wawili, tafuta kitu cha kweli kinachokwenda hapa Kakamega, kipige video, kipime, kipigie hesabu. Nikainua mkono kabla sijafikiri. Nikasema nitaleta mgongano wa mafahali! Mume wa senge yangu, yaani dada yake baba, ni Mzee Muhatia wa kule Shinyalu, naye ana fahali wa kupigana aitwaye Tingatinga. Jumamosi hii alfajiri anakutana na fahali mwingine, Saruji. Darasa likapiga makofi. Hata mimi nilijipigia.

Nanjala akaja mwenyewe kuomba tuwe pamoja. Nanjala! Ndiye anayeelewa Dainamiki kuliko sisi wote, na ndiye mtu pekee aliyekubali kunifundisha mwaka huu bila kunicheka. Kipngetich naye alikuwa akimtaka. Kipngetich hukaa kiti cha mbele, ana pikipiki, na hesabu zake hutoka. Mtu gani huyo? Nimemwonea huruma kwa sauti kubwa ili asikie.

Shida ni moja. Ijumaa Nanjala anaenda Lugari kumsaidia mama yake kuvuna mahindi. Video ni kazi yangu. Aliniuliza kama kweli mimi huamkanga alfajiri. Niliapa kwa jina la nyanya yangu, ambaye yuko hai na amenikataza jambo hilo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeenda kwa senge kumpima Tingatinga, maana hesabu ya mgongano inataka uzito. Nilibeba ule utepe wa kumzungushia ng'ombe kifuani. Mzee Muhatia kuuona tu, akaruka. Akasema fahali hapimwi kabla ya pambano, hata kidogo. Anayepimwa ni maiti, apate jeneza la kumtosha. Akauliza kama ni chuo kimenituma kumroga. Nikajaribu kumweleza sayansi. Akaufungia utepe wangu stoo.

Tingatinga alinitazama muda wote huo akitafuna. Mnyama mkubwa! Macho ya upole.

Senge akanipakulia obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, na kabla sijamaliza paja nilikuwa nimeshaukadiria uzito. Nimeuongeza kidogo. Fahali wa jamaa yangu hawezi kuwa mwembamba kwenye ripoti. Nani ataenda kumbeba ahakikishe?

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua. Mabati ya hapa Amalemba yakipigwa na mvua ya alfajiri, blanketi linakuwa na mikono. Kengele ya simu niliisikia. Niliisikia vizuri kabisa. Nikaizima.

Nimeamka jua liko juu. Mafahali hupigana kunapopambazuka. Nilikaa kitandani nikajichukia. Halafu nikawaza kwamba mgongano ni mgongano tu, na kanuni hailowi mvua. Nikachukua kikokotoo, nikaanzia kwenye jibu nikarudi kinyumenyume mpaka swali. Kasi ya Tingatinga, kasi ya Saruji, nguvu ya vichwa. Jibu likatoka safi kuliko jibu lolote nililowahi kupata maishani. Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Nimempigia Mzee Muhatia nijue nani kashinda. Hakushika. Senge naye hakushika. Bila shaka wanasherehekea, ngoma za isukuti zimewaziba masikio. Nikaandika Tingatinga kashinda.

Nanjala alipiga simu kutoka shambani. Nikamwambia mgongano ulikuwa wa kutisha. Vipimo ninavyo, ila video hakuna: watu walinisukuma, simu ikaangukia matopeni, imefufuka lakini video haikufufuka. Akanipa pole. Akauliza kama nimeumia! Akasema basi ataacha kuvuna, arudi kesho tuandike pamoja. Nilitaka kumwambia ukweli. Mdomo niliufungua kabisa. Kilichotoka ni kwamba aje.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumepeleka ripoti. Nanjala amechora michoro yote kwa mkono, na viganja vyake vina malengelenge ya kumenya mahindi. Uongo wangu haujawahi kuchorwa vizuri namna hiyo. Akaandika jina langu mwanzo. Nikamwambia tuanze na lake. Akakataa katakata, eti aliyeamka alfajiri ndiye mwenye kazi.



Jumatano, 15 Oktoba

Siku ya kuniaibisha. Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Kipngetich alianza. Yeye alifunga breki za pikipiki yake kwenye mteremko wenye lami iliyolowa, akaanguka, akapima umbali alioburuzika. Akakunja suruali kutuonyesha goti. Watu wakamshangilia. Kujionyesha tu.

Nikasimama mimi. Sikuwa na wasiwasi. Dkt. Kibiwott kwao ni Nandi, na nilijiambia kwamba anachojua kuhusu ng'ombe ni maziwa. Akauliza vichwa vilipokutana mlio ulikuwaje. Nikasema kama lori likigonga ukuta. Akauliza Tingatinga alirudi nyuma kiasi gani. Nikamwonyesha kwenye mchoro, kwa fimbo. Akaitikia polepole, kisha akaunganisha simu yake na projekta.

Lo! Kumbe mtu huyu amepanga nyumba kule kule Shinyalu, na pambano la Jumamosi hakosangi. Video ikaanza. Tingatinga anaingia, watu wake wanaimba, Mzee Muhatia yuko mbele anarukaruka na fimbo. Saruji yule pale, anakwaruza ardhi kwa kwato. Tingatinga anamtazama. Anawaza. Kisha anageuka na kutimka! Isukuti inakatika katikati ya wimbo, watu wanaruka mitaro, na Dkt. mwenyewe anasikika akihema nyuma ya kamera. Kitu pekee alichogonga Tingatinga siku hiyo ni meza ya mama mmoja wa mandazi.

Ndiyo maana simu hazikushikwa. Watu wazima walikuwa wamejificha kwa aibu!

Dkt. akasema kwa upole kwamba kasi tuliyoandika inakaribia ukweli, ila mwelekeo ni wa upande ule mwingine. Darasa zima likavunjika mbavu. Nanjala hakucheka. Alinitazama mara moja tu. Akasimama, akasema hata yeye hakuwepo, lakini jina lake liko kwenye ripoti, kwa hivyo sifuri ni ya wote wawili. Afadhali angenizaba kofi.

Tumepewa nafasi moja. Mzee Muhatia anamrudisha Tingatinga uwanjani Jumamosi hii kusafisha jina, na mwenye Saruji amekubali wakutane tena. Twende sote wawili, tupige video, tuandike tutakachokiona. Asiyeenda, sifuri yake inabaki palepale.

Ijumaa, 17 Oktoba

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu mimi haikufika hata Shinyalu. Nimempata Nanjala maktaba, nikamwomba msamaha. Akasema sifuri si kitu. Kinachomuuma ni kwamba alimwacha mama yake na nusu ya shamba ili aje kuandika ripoti yangu. Tangu hapo Lugari kunanyesha, mahindi yameanza kuoza yakiwa bado shambani, na mama anavuna peke yake. Angejua hakuna cha kuandika, angebaki kwao avune. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, akichonga penseli.

Nilitoka nikalia nyuma ya tangi la maji. Si kwa sababu ya alama. Hakuna mtu aliyewahi kunitendea wema kama wake, na nimemlipa kwa ng'ombe wa uongo. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekuja mapema na amekaa magotini.

Amekubali tukutane uwanjani alfajiri. Kipngetich atampeleka kwa pikipiki. Nisipofika, alisema, hataniuliza kitu tena maishani. Nimeapa. Safari hii nyanya sikumtaja.

Jumamosi, 18 Oktoba

Niliamka! Kabla ya kengele! Nikavaa, nikafunga kamba za viatu. Nje manyunyu. Nikakaa kitandani kungoja yapungue, na hapo akili ikaanza kufanya kazi, jambo ambalo halijawahi kunisaidia.

Video ya simu mbili na ya simu moja si ni ile ile? Nanjala tayari yuko kule. Mimi ningemfaa zaidi nikimwandikia ripoti nzima sasa hivi, akirudi aikute tayari, ashike njia ya Lugari akamsaidie mama. Zawadi! Na kosa langu ninalijua, Dkt. alilitaja mbele ya watu wote: mwelekeo. Fahali aliyekimbia wiki jana atakimbia na wiki hii. Nikavua viatu. Nikaweka alama ya kutoa mbele ya kasi ya Tingatinga, kila ukurasa. Nikapiga hesabu hadi kwenye meza ya mandazi. Ikapendeza.

Jua lilikuwa limeshatoka senge aliponipigia. Kelele tupu, isukuti, vigelegele. Tingatinga amesimama! Wamegongana vichwa, mlio ukasikika mpaka ng'ambo ya mto, na aliyetimka ni Saruji. Mzee Muhatia analia kwa furaha. Senge akauliza mbona hanioni hapo uwanjani, na msichana wangu amengoja sana.

Kisha ujumbe wa Nanjala. Video ameipata yote. Alinisubiri pale wanapoingilia watu mpaka mafahali walipoletwa. Dkt. alikuwepo, ameona mwenyewe, na amemruhusu aandike peke yake. Nisimpigie. Ameniombea heri.

Nimeusoma tena na tena. Viatu viko hapa, vikavu. Sikuhitaji akili yoyote leo, nilihitaji miguu tu. Nimempoteza rafiki wa kweli, na nimejitakia mwenyewe.

Nimelia. Halafu nikatafuta raba ya kufutia. Maana ripoti yenyewe si mbaya, ina kasoro ndogo tu. Nimefuta ile alama ya kutoa, kila ukurasa, nikaweka ya kujumlisha. Jumatatu asubuhi naipeleka kwa Dkt. Kibiwott. Nitamwambia nilisimama upande wa pili wa uwanja.