Risasi Mia Mbili za Mirbaz

Jumatatu, 6 Aprili
Nimenunua bunduki! Mpya, kitako cha mti wa jozi, inanukia mafuta. Mbwamwitu ameshanilia kondoo wawili mchana kweupe. Wamebaki watano. Sasa aje! Fundi Taj Gul ameniambia nisiiamini haraka. Kwanza ipige risasi mia mbili bila kukwama hata mara moja, ndipo niitegemee kulinda zizi. Nimenunua mia mbili kamili. Darwesh, mtoto wa baba mdogo, alikuwepo dukani akacheka. (Kwetu mtu hana haja ya kutafuta adui, binamu yake anatosha.) Eti yeye anayo ya babu, haijakwama tangu babu ana meno. Bunduki ile ilikuwa haki yangu!

Jumanne, 7 Aprili
Nimeanza majaribio. Nyuma ya nyumba, nalenga kilima. Risasi sitini, haijakwama! Nikamwita mke wangu Zarmina aje aone. Akajibu kwamba ana mimba ya miezi tisa na unga mikononi, ataona siku nyingine.

Kugeuka, ua umejaa watu! Wana majogoo, wana sukari guru, wananikumbatia mpaka mbavu zinalia. Lo! Nilisahau. Nyumba yenye mja mzito ikilia risasi, watu wote wa bonde hili wanajua kazaliwa mtoto wa kiume. Nikafungua mdomo nieleze. Mara akaingia Darwesh, uso umemkunjamana. Yeye ana mabinti wanne. Nikafunga mdomo. Nikasema mtoto amelala.

Mgeni hashibi pongezi. Nimechinja kondoo.

Jumatano, 8 Aprili
Wamekuja hata wa bonde la pili. Kondoo wawili zaidi wamekwenda. Wameuliza jina, nikasema Sikandar. Zarmina ameuliza kelele za nini, nikamwambia watu wanaipongeza bunduki.

Adhuhuri mke wa Darwesh alipita upande wa wanawake kumwona Sikandar. Akamkuta Zarmina anakanda mkate, tumbo liko mbele. Kicheko chake kilifika msikitini. Tangu hapo Darwesh anazunguka barazani kwa wageni akiuliza kama Sikandar ameshaanza kutembea. Nilipomweleza kuwa zile risasi zilikuwa za majaribio, akauliza, "Majaribio ya nini, ndugu yangu, ya kuzaa?"

Sitamsamehe. Chai yangu kanywa vikombe sita.

Alhamisi, 9 Aprili
Zarmina amejifungua. Binti! Ana pua yangu, maskini, lakini ni mzuri ajabu. Kanishika kidole, hataki kuachia. Nimelia kama mjinga.

Binti hapigiwi risasi. Ndiyo desturi. Darwesh alikuja akakaa pembeni yangu, akasema polepole kwamba siku kama hii kwake ilipita kimya mara nne. Nikatazama kile kidole changu. Nikachukua bunduki.

Risasi mia moja na arobaini! Zote! Haikukwama hata mara moja! Wanawake walipanda juu ya mapaa wakapiga vigelegele. Darwesh akakimbia kwake, akarudi na bunduki ya babu, akaanza kupiga moja kwa kila binti. Ya tatu ikakwama! Tukacheka wote mpaka tukashikana mabega. Sijapata kuona siku tamu kama hii.

Ijumaa, 10 Aprili
Asubuhi mbwamwitu kaja. Kakaa juu ya ukuta wa zizi, ananitazama. Nikatulia. Bunduki imepiga mia mbili bila kukwama, ya kuaminika kuliko shahidi yeyote wa kijiji hiki. Nikalenga. Nikafyatua.

Kimya. Sikuwa nimebakiza hata risasi moja.

Kachukua kondoo bila haraka. Zarmina akauliza kutoka kitandani kama nimempata. Nikamweleza kuwa bunduki haina kosa lolote, zilizoniangusha ni risasi. Akacheka mpaka mtoto akaamka.

Lakini nimeshapata dawa. Bunduki moja haiwezi sherehe na ulinzi pamoja. Jioni nimempeleka kondoo wa mwisho kwa Taj Gul, nimerudi na bunduki ya pili. Hii haitagusa sherehe. Kazi yake ni kulinda zizi tu.