Adabu za Kuuza Chumvi Kinyangiri

Jumatatu, tarehe 6 Julai 1936, saa tatu na robo ya asubuhi, huku upepo mkavu wa kipupwe ukiwapiga watu vumbi la macho bila kujali vyeo vyao, treni kutoka Manyoni iliwasili Kinyangiri, mwisho wa reli, ikamteremsha Bwana Leonidas.

Haki yataka isemwe mapema kwamba Bwana Leonidas alikuwa laghai. Haki hiyo hiyo yataka isemwe kwamba alikuwa laghai nadhifu. Alivaa koti jeusi la sufu na viatu vilivyong'aa, na sauti yake ilikuwa laini kiasi cha kumfanya mtu aagane na kuku wake bila machozi. Alizaliwa Bukoba, na tangu alipoondoka huko alikuwa amepita katika miji mingi, ambayo karibu yote asingeweza kuirudia mchana.

Nyuma yake alishuka Yeremia, Mnyamwezi wa Tabora, ambaye Leonidas alikutana naye humo humo behewani. Yeremia hakuwa na mzigo. Alikuwa na mdomo. Njia nzima alikuwa amewatukana abiria mmoja mmoja, na hata mkaguzi wa tiketi aliambiwa kwamba masharubu yake yanafanana na ufagio uliokataliwa na mfagiaji. Mtu mwingine angehama behewa. Leonidas alimsogelea, kwa maana aliuona mdomo ule kuwa ni mgodi unaoweza kuishinda Sekenke yenye dhahabu.

"Chochote tutakachopata, wewe au mimi, nusu kwa nusu," alimwahidi.

"Nusu kwa nusu," alijibu Yeremia, "ingawa uso wako ni wa mtu anayehesabu nusu tatu."

Mbele ya stesheni palikuwa na maduka mawili yaliyotazamana. La kushoto lilikuwa la Mzee Zefania, tajiri aliyewahudumia watu bila kuinua kichwa, kana kwamba mteja ni inzi anayesubiri kufukuzwa. La kulia lilikuwa la Mama Rahabu, mjane mwenye maneno machache na watoto wanne. Wote wawili waliwauzia wanakijiji na wachimbaji wa dhahabu vitu vile vile: chumvi, mafuta ya taa, sabuni za mche, kaniki. Tofauti ilikuwa moja. Dukani kwa Zefania, katika boriti ya paa, ilining'inia baiskeli mpya yenye taa na kengele, ambayo hakuna mtu wa Kinyangiri aliyeweza kuinunua.

Leonidas aliitazama, na moyo wake, ambao haukuwahi kutikiswa na mahubiri, ukatikisika.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba. Unataka nini?" Zefania hakuinua kichwa.

"Nataka kukuuliza: chumvi yako na chumvi ya yule mama wa ng'ambo, ipi bora?"

"Zimetoka gunia moja."

"Kwa nini basi watu wanavuka barabara kwenda kwake?"

Hapo ndipo Zefania alipoinua kichwa, kwa mara ya kwanza tangu mavuno.

"Mteja hanunui chumvi, mzee," Leonidas aliendelea, akishusha sauti kama padri kwenye maungamo. "Mteja ananunua uso wa anayemuuzia. Mimi nitauweka uso mwema hapa kwako, nao ni huu unaouona. Na kule ng'ambo nitapandikiza uso mbaya, wenye mdomo mbaya zaidi. Kufikia mwisho wa mwezi, yule mama atafunga milango."

Zefania alikuwa amekitamani kiwanja cha Rahabu kwa miaka mitatu, tena kwa ibada.

"Akifunga?"

"Utanipa ile baiskeli."

"Asipofunga?"

"Mzee, hilo haliwezekani."

"Kama haliwezekani, weka rehani hilo koti na hivyo viatu."

Leonidas aliweka, kwa tabasamu. Kichwani alikwisha kujiona akiteremka kwenda Singida mjini, kengele ikilia, peke yake. Lile jambo la nusu kwa nusu alikuwa amelitatua kwa hekima: baiskeli haigawanyiki.

Siku hiyo hiyo Yeremia alikwenda kuomba kazi kwa Mama Rahabu, kwa ujira wa chakula na fungu dogo la mauzo.

"Mtukane kila anayeingia," Leonidas alimwagiza. "Wazee, wajane, yeyote. Watachukia, hawatarudi, na ile baiskeli ya Zefania itakuwa yetu."

Yeremia aliuliza: "Una hakika, bwana mkubwa?"

"Mimi ndiye mwenye akili. Wewe ni mdomo."

"Sawa," alisema Yeremia, akaenda zake akipiga mluzi.

Leonidas naye alianza kazi. Alisimama mlangoni kwa Zefania, akainama kwa kila mpita njia na kusema: "Karibu, mteja mtukufu! Duka hili limekungoja tangu alfajiri!" Waliolengwa na utukufu huo walitazama nyuma kuona ni Mzungu gani anayekuja.

Kisha akaja na jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona kuwa kilele cha ustaarabu. Alinunua daftari. Kila mteja angeulizwa jina, kijiji na habari za nyumbani, yote yaandikwe, ili siku ya pili aulizwe hali ya mkewe na ng'ombe wake kwa majina. Ni mtu gani asiyependa kukumbukwa?

Wa kwanza alikuwa Mzee Ezekieli, mkulima mwenye heshima zake.

"Jina lako, mteja mtukufu?"

"Ezekieli," alijibu mzee, akiiangalia kalamu.

"Wake wangapi?"

Mzee alikohoa. "Mmoja."

"Nasikia ni watatu, hongera sana!"

"Wale wengine ni dada zangu."

"Na nyumba ngapi? Ng'ombe je?"

"Nyumba iliungua. Ng'ombe ni wa jirani," alisema Ezekieli, akarudi kinyumenyume hadi barabarani bila chumvi.

Kufikia jioni habari zilikuwa zimefika vijiji saba: kwa Zefania amewekwa karani wa kodi, mjanja kuliko wote, anayekuita mtukufu huku akihesabu nyumba za wake zako. Watu walioishi miaka yote wakitozwa kwa kila nyumba hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Tangu siku hiyo, waliopita mbele ya duka lile walipita mbio, na wenye wake wawili walizunguka kwa nyuma ya stesheni.

Leonidas hakufadhaika. Aliamini kwamba hali ng'ambo ni mbaya zaidi. Kilichomsumbua ni kelele. Kila siku zilitoka kwa Rahabu, na kadiri alivyozisikiliza hazikufanana na kelele za hasira.

"Wanapigana," alimwambia Zefania.

"Mbona wanaingia wengi kuliko wanaotoka?"

"Wanakwenda kuamua ugomvi, mzee."

Tarehe ishirini na nane Zefania alishindwa kuvumilia. Alivuka barabara kwenda kushuhudia mwenyewe jinsi duka linavyokufa. Leonidas alimfuata hadi dirishani, akachungulia.

Duka lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Nyuma ya meza alisimama Yeremia, mikono kiunoni, na mbele yake Mzee Ezekieli.

"Shikamoo, mzee," Yeremia alisema kwa heshima kamili. "Bado hujafa tu? Sisi tulikwisha kunywa pombe ya matanga yako!"

"Marahaba, mpagazi!" alijibu Ezekieli, macho yakimng'aa. "Babu zako walibeba pembe za ndovu hadi pwani, wakasahau akili zao huko huko!"

"Walisahau akili, lakini walipita hapa wakawaonea huruma Wanyiramba, wakawafundisha kula chumvi! Mama Rahabu, mpimie huyu. Mpunje kidogo, ana shingo ya kuku aliyenyonyolewa, haitapita yote."

Watu walishikana mabega kwa kicheko. Mama Rahabu alipima chumvi, na mkono wake, hili lazima lisemwe, haukupunja hata punje. Alipoisukuma kwa Ezekieli alimwambia, "Mkeo Dorika anaendeleaje na ugonjwa wake?" bila daftari lolote.

Yeremia akamwona Zefania. "Ala! Huyu ana shingo kumbe! Tulidhani amezaliwa ameinama, anamtafuta baba yake chini ya meza!"

Zefania alifungua kinywa kukemea. Kilichotoka ni kicheko, kicheko chenye kutu, cha mtu aliyekiweka ghalani miaka mingi. Alirudi barabarani akifuta machozi, na Leonidas aliona kwa uchungu kwamba mkononi alishika pakiti ya chumvi.

"Mzee! Umenunua kwake?"

Zefania aliitazama ile pakiti kana kwamba imemzukia. Kicheko kikamkauka.

"Huyo mtu wako ni Mnyamwezi?"

"Wa Tabora. Kuna nini?"

"Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wanyiramba, mpumbavu wewe! Tangu mababu! Mtani asipokutukana ndipo unapojua umemkosea. Umemletea Rahabu ndugu, na mimi umeniletea karani!" Akanyoosha mkono. "Koti. Na viatu."

Rehani ni rehani. Siku tatu zilizobaki za mwezi hazikungojwa. Leonidas alijikuta barabarani pekupeku, kipupwe kikimpekua mbavu, akilitazama duka la ng'ambo lililojaa watu. Hapo akakumbuka kwamba ahadi ilikuwa takatifu: wewe au mimi, nusu kwa nusu. Fungu la mauzo la Yeremia lilikuwa, bila shaka, limenona.

Akavuka, akaingia akitandaza mikono.

"Yeremia, ndugu yangu! Nitukane!"

Yeremia aliacha kucheka. Alifuta meza kwa kitambaa, akasimama wima.

"Habari za mchana, bwana," alisema kwa sauti ya upole. "Karibu katika duka la Mama Rahabu. Nikusaidie nini?"

Mzee Ezekieli aliinamisha macho kwa aibu, kama aliyeona mtu akivuliwa nguo hadharani.

"Acha mzaha. Nimekuja kuchukua nusu yangu."

"Naomba kuuliza jambo, bwana. Baiskeli ingepatikana, mimi ningepewa gurudumu la mbele au la nyuma?"

Leonidas aliuficha mguu mmoja mtupu nyuma ya mwingine.

"Basi nasikitika kukuarifu, bwana, kwamba nusu hiyo sikupi. Leo sikupi, na kesho sikupi."

"Walau nitukane kidogo," alisema Leonidas, na sauti yake ilikuwa imepoteza ulaini wote. "Mbele za watu hawa. Tusi moja tu."

"Siwezi, bwana," alijibu Yeremia, akimfungulia mlango kwa mikono miwili. "Hatujafahamiana kiasi hicho."

Wala senti moja haikutolewa.