Firigisi ya Mkuu wa Msafara

Wananchi wote wa huku kwetu njia ya Kinyangiri, pamoja na wale ambao ni wananchi siku ya kugawa mbolea ya ruzuku tu, mnatangaziwa kwamba Zahanati Binafsi ya Daktari Rahel imefunguliwa rasmi, kwa utaratibu, kwa amani na kwa kuku. Anayetoa taarifa hii ni mimi, Bibi Martina, Afisa Itifaki wa Jiko. Cheo hicho nilijipa mwenyewe, baada ya kuona wengi wamepata vyao kwa njia hiyohiyo na hakuna aliyekufa.

Rahel ni mjukuu wa marehemu dada yangu. Alisomea udaktari, akafanya kazi mjini, kisha akapatwa na wazo la ajabu la kurudi kutibu watu wa kwao. Akakarabati ghala la vitunguu la baba yake, akapaka chokaa, akaingiza vitanda, akatundika kibao. Wakati huo Witness, mke wa mjukuu wangu Edward, alikuwa na mimba ya kwanza, na hospitali iko mbali, na barabara mnaijua. Mtoto wa Felista jirani yetu alizaliwa juu ya bodaboda, wakamwita Safari.

"Bibi, mimi sitaki mwanangu aitwe Pancha," Witness akaniambia.

Nikamwambia atulie, wakubwa wana utaratibu.

Na kweli utaratibu ulikuja, umepanda gari jeupe. Unaitwa Kamati ya Kujiridhisha. Wajumbe ni watatu. Bwana Sixbert wa mambo ya tiba, mwenye tumbo lililojiridhisha siku nyingi. Bwana Manase wa majengo, ambaye hata salamu anaipima kwa futi kamba. Na Madam Winfrida wa mazingira, ambaye akikunja pua, mazingira yanaomba radhi. Wote waliniamkia vizuri: shikamoo Bibi, marahaba wanangu. Adabu wanayo. Walichosahau nyumbani ni kalamu.

Safari ya kwanza Bwana Manase aligundua mlango unafunguka kwa ndani. Hatari! Fundi akaugeuza. Safari iliyofuata akagundua unafunguka kwa nje, utampiga mgonjwa usoni kabla hajatibiwa. Hatari zaidi! Madam Winfrida yeye alisimama katikati ya chumba, kitenge kinapeperuka.

"Daktari, humu ndani kuna upepo."

"Ndiyo, Madam. Ni upepo wa Singida."

"Najua wa wapi. Nauliza, nani kauruhusu kuingia eneo la tiba?"

Bwana Sixbert akasimama mbele ya kitanda, mikono nyuma. "Hiki hakina mgonjwa. Tutajiridhishaje kwamba kinabeba?"

Nikapanda nikajilaza, kwa faida ya taifa.

"Huyu nani?"

"Ni Bibi," Rahel akajibu.

"Mgonjwa amelazwa kabla ya usajili! Hiyo ni kasoro, iandikwe."

Nikashuka, nimepona. Sijawahi kupata tiba ya haraka kama ile.

Baada ya kasoro, chakula. Mkoa huu hatumpi mgeni mchicha huku kuku wanampita miguuni. Kuku wa kwetu anasifika mpaka Dar es Salaam, ingawa akifika huko harudi kusimulia. Basi nilichinja, nikapika, nikatenga, na hapo nikagundua jambo la kitaalamu.

Fomu ya usajili inasema saini ni ya mkuu wa msafara. Rahel akauliza kwa upole, "Jamani, mkuu wa msafara ni nani?"

"Mimi nimewasindikiza tu," akasema Bwana Sixbert.

"Mimi nimefuata milango," akasema Bwana Manase.

"Mimi mnanionea. Mimi ni mazingira," akasema Madam Winfrida.

Maana anayetia saini ndiye atakayeulizwa. Kwa hiyo gari zima lilikuwa limejiendesha lenyewe kutoka mjini bila kiongozi. Lakini nilipofunua bakuli, ee Mungu wangu, uongozi ulirudi wote kwa pamoja!

"Kwa mila, firigisi ni ya mkubwa," Bwana Sixbert akasema, mkono umeshatangulia.

"Mkubwa wa umri au wa cheo?" Bwana Manase akauzuia kwa kijiko.

"Na msiseme mwanamke hali. Firigisi haina jinsia," Madam Winfrida akasema, na wakati wanatafakari hoja hiyo akaila.

Gari likaondoka. Saini hakuna, firigisi hakuna. Wakaja tena, na tena, kujiridhisha. Tumbo la Witness likapanda, banda langu la kuku likashuka. Siku moja nikamkuta Rahel nyuma ya tangi la maji anafuta machozi kwa koti lake jeupe.

"Bibi, narudi mjini. Akiba imekwisha, na hawa hawatatia saini mpaka nizeeke."

"Na Witness?"

Akajifunika uso kwa koti lilelile.

"Kanawe uso," nikamwambia. "Hili limeshatoka kwenye udaktari. Ni suala la jikoni."

Walipokuja tena, nikachinja kuku watatu. Nikawaambia wajumbe kwamba kwa mujibu wa itifaki mpya, mkaguzi anakula ndani ya chumba anachokikagua, ili kuokoa muda wa taifa. Walipenda sana neno hilo la taifa. Nikamweka mmoja chumba cha daktari, mmoja chumba cha dawa, mmoja chumba cha uzazi, milango imefungwa, ile inayofunguka kwa nje na kwa ndani.

Kwa kila mmoja nikaingia na bakuli lililofunikwa na fomu moja. Fomu Rahel alikuwa nazo tele, kila kasoro ilizaa nyingine.

"Mwanangu," nikanong'ona, "kuku ana firigisi moja tu. Wenzako nimewapa mapaja. Hii ni ya mkuu wa msafara, na mimi macho yangu yameona mkuu ni wewe. Nitilie saini tu, nisije nikampa asiyestahili."

Sikusema uongo. Kila kuku alikuwa na firigisi moja tu.

Bwana Sixbert alitia saini kabla sijamaliza. Bwana Manase alipima kwanza nafasi ya kusaini. Madam Winfrida aliandika na cheo chake, akapiga mstari chini. Wakaondoka kila mmoja akiwaonea wenzake huruma, gari zima wanatabasamu.

Fomu zote tatu zikapanda juu bila mtu kuzisoma, na muda si mrefu tukaambiwa mkubwa wao, Mama Magreth, atakuja mwenyewe na cheti cha usajili kukata utepe. Mpaka cheti kitoke mkobani mwake, Rahel haruhusiwi kumgusa mtu hata kwa kidonge. Siku hiyo Witness alikuwa na mimba iliyoiva. Alikuja kwenye sherehe akitembea kwa kushika kuta.

Turubai likafungwa, meza kuu ikapambwa, chakula kikatangulia hotuba kama ilivyo desturi ya viongozi wenye busara. Kisha Mama Magreth akahutubia akiwa ameketi, ili asiiache sahani yake peke yake.

"Katika ofisi yangu," akasema kwenye kipaza sauti, "mkaguzi haruhusiwi kuonja hata maji ya anayemkagua! Kabla cheti hakijatoka, hakuna kula!"

Tukapiga makofi. Mimi nikaomba nafasi ya kutoa shukrani, maana aliyesoma darasa la saba la zamani hafundishwi adabu.

"Nawashukuru sana wakuu watatu wa msafara ule mmoja," nikasema, "kwa jinsi kila mmoja alivyokula firigisi yake kwa unyenyekevu na kutia saini."

Upepo wenyewe ukatulia.

"Wakuu watatu?" akauliza Mama Magreth. "Firigisi?"

"Mimi sili firigisi," Bwana Sixbert akaruka. "Nina gauti, nyama za ndani nimekatazwa."

"Mimi gauti yangu ni ya kurithi," akasema Bwana Manase.

"Yangu ni ya mazingira," akasema Madam Winfrida.

"Vyeti vya daktari! Leo hii! Asiye na cheti kesho atajieleza!" Mama Magreth akafoka.

Aliposema hivyo alikuwa ameinua uma. Vijana walikuwa wameshainua simu, wanarekodi. Na kwenye uma, jamani, ilikuwa firigisi niliyompa mimi, mkubwa apewe kilicho chake. Na cheti bado kimelala mkobani. Mama Magreth akautazama uma, akazitazama simu, akaushusha polepole.

"Hata mimi," akasema, "nakumbuka nina gauti."

"Karibuni wote niwapime," Rahel akasema. "Tatizo ni moja. Sijasajiliwa. Nikiwagusa ni kosa, na cheti nitakachowaandikia hakitatambulika."

Macho yote kwenye mkoba. Bwana Sixbert alitaka kusema saini ile si yake, nikamwona midomo inacheza. Lakini akikana saini, hakuna zahanati. Na pasipo zahanati, hakuna cheti cha gauti. Akameza. Mama Magreth akachomoa cheti, akamkabidhi Rahel bila hotuba. Mkasi haukuonekana. Utepe nikaukata mimi, kwa kisu changu cha kuchinjia.

Wakasimama wanne kwa pamoja mlangoni. Witness akatoa sauti, akainama.

"Dharura kwanza," Rahel akasema. "Nyinyi mkae kwenye benchi."

Ni benchi lilelile ambalo Bwana Manase aliandika kwamba ni fupi kwa watu wanne. Alikuwa sahihi. Jua liliwafuata pale mpaka likawachoka, kila mmoja akiinuka kwa zamu kuchechemea kidogo kwa mazoezi. Mara kilio chembamba kikatoka chumba cha uzazi, mtoto wa kike, na mlango ukafunguka vizuri tu. Edward akalia kuliko mtoto.

"Hongera, Bibi," Bwana Sixbert akaniambia kwa sauti ya njaa. "Na sisi wagonjwa hatupewi chochote?"

Nikawaletea uji wa uwele, vikombe sawa, bila itifaki. Bwana Sixbert akakoroga, akakoroga tena, akachungulia chini.

"Kunywa, mwanangu," nikamwambia. "Uji hauna firigisi."