Mkondo Uliokataa Kutoka

Jumatatu, 4 Machi
Habari njema! Mkuu wa maabara ametangaza kwamba Ijumaa wajenzi wa gati watakuja kuona jinsi maji yanavyovurugika yakipita kwenye nguzo. Atakayewaridhisha atapewa usimamizi wa foleni ya kompyuta kubwa, yaani kuamua hesabu ya nani itangulie. Foleni! Siku zote kazi zangu hukaa nyuma ya zile za Bi Makini, mwenzangu wa meza ya jirani, mtu anayekagua kiti kabla ya kukikalia. Safari hii atanitambua.

Jumanne, 5 Machi
Njia yetu ni rahisi. Ndani ya kompyuta, unayagawa maji katika gridi ya vijichumba. Chembe zinagongana ndani ya kila kimoja, kisha zinahamia kwa jirani. Nikaongeza kasi ili vurugu ziwe nyingi. Hesabu ikalipuka. Skrini nyeusi tii! Basi nikayafanya maji kuwa mazito. Yakaipita nguzo kwa adabu, kama asali. Bi Makini alipopita nyuma yangu akauliza kama gati linajengwa ndani ya mzinga. Mtu huyu! Akanishauri nitumie vijichumba vidogo zaidi. Nimekataa. Vijichumba vidogo vinataka subira, nami sikujaliwa.

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Nimerudisha maji mepesi na kupunguza kasi. Mizunguko inazaliwa nyuma ya nguzo, na kadiri muda unavyokwenda inazidi kuongezeka, yenyewe! Ugunduzi mtupu. Nimeupa jina langu. Jioni nikamwonyesha mke wangu video. Akasema inapendeza, akauliza kama nimemwita fundi wa bomba la jikoni. Nikamjulisha kwamba anaongea na msimamizi wa foleni. Akasema basi msimamizi aoshe vyombo. Nimeosha huku naimba.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Mfereji wangu wa kwenye kompyuta hauna pa kutokea! Nimeunganisha mwisho wake na mwanzo. Maji yanayotoka kulia yanaingia tena kushoto, na fujo zake zote. Nguzo inapigwa na mizunguko ileile iliyotoka kwake yenyewe. Kurekebisha ni kazi ndogo, lakini kurudia hesabu kunataka foleni, na mbele yangu yupo nani? Bi Makini! Kwa hiyo nimeikata video kabla mzunguko wa kwanza haujarudi. Imebaki sekunde nne. Nitaongea polepole.

Ijumaa, 8 Machi
Niliongea polepole. Haikusaidia. Mjenzi mkuu, mama mwenye sauti nzito, akaomba kuona kinachofuata. Nikasema kompyuta imechoka. Bi Makini, kwa wema wake ule wa kuudhi, akainuka na kufungua video nzima, iliyokuwa bado kwenye kompyuta ya maabara. Mizunguko ikatoka kulia, ikaingia kushoto. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo Bi Makini akawaeleza kwamba kwa hesabu hiyo ni kama nguzo zimepangwa moja nyuma ya nyingine, bila mwisho. Yule mama akapiga meza. Gati lao lina safu ndefu ya nguzo, na hakuna aliyewahi kumwonyesha jinsi za nyuma zinavyopokea kipigo kutoka kwa za mbele! Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekusudia.

Mkuu hakudanganyika. Foleni imekwenda kwa Bi Makini. Mimi ni msaidizi wake, na hesabu ya safu ya nguzo nimepewa mimi. Niliposimulia nyumbani, mke wangu alicheka mpaka machozi. Nami nikacheka. Nina furaha, sifichi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa limenifikisha hapa, kwa hiyo mwenye kasoro si mimi, ni uangalifu. Bi Makini amesafiri kwenda kumwona mama yake, akaniachia foleni mpaka Jumatatu, akanisihi nisiguse kitu. Dada wa watu! Alinisitiri mbele ya wageni, na mimi si mtovu wa shukrani. Nimeisogeza kazi yake nyuma ya yangu, ili akirudi asikute matokeo mengi ya kumchosha.